Chiriku, dobi aliyeshindwa kuuanza wimbo wake mwenyewe

Saa tatu asubuhi, katika chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani ili kelele za barabarani zisipenye, mwanamke wa makamo amesimama mbele ya maikrofoni. Amevaa hedifoni juu ya kilemba, mikono ameikunja tumboni. Muziki unaanza. Ngoma inagonga taratibu, besi inaingia chini yake, gitaa linakata kwa juu, na mahali pa kuimba panafika.

Haimbi.

Kinywa kiko wazi na kifua kimejaa pumzi, lakini sauti haitoki. Besi inazunguka, inamsubiri. Mstari mzima ukishapita mtupu ndipo anapojibu, kwa sauti ya kumtoa nyoka pangoni: "Nami nipo..."

Upande wa pili wa kioo, fundi mitambo, bwana mwenye kitambi na subira, anakata muziki. "Dada, umeingia mwishoni tena. Mwanzo wote umeuacha."

"Najua, kaka yangu. Nisamehe. Turudie."

Wanarudia, na mwanzo unapita vilevile. Safari hii amefanya na la ziada: mahali pa kuanza palipofika, amerudi nyuma hatua moja, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Chumbani humo hamna mtu mwingine wa kumpisha.

Jana walishinda hivyo hivyo. Leo ndiyo siku ya mwisho waliyokodi studio, kesho inaingia kwaya ya watu wengine. Wimbo usipopatikana leo kwa sauti yake, utaimbwa na bwana mmoja ambaye mpiga ngoma wa bendi amekwisha kumtafuta. Bwana huyo yuko nje kwenye benchi sasa hivi, anakohoakohoa kwa adabu, analisafisha koo.

Na wimbo wenyewe ni wa mama huyu. Aliutunga yeye, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Hapo ndipo panapouma.

Wenzake wanamwita Chiriku. Chiriku ni ndege asiyefunga mdomo, na jina hilo alipewa kwa utani siku ya kwanza alipokuja kwenye mazoezi ya bendi, akakaa kutwa nzima bila kutoa neno mpaka alipoambiwa aitikie. Amekuwa akiitikia tangu hapo, miaka kumi na tisa sasa.

Bendi yao hupiga rege ya mizizi, ile ya ngoma nzito na maneno ya sala, ambayo msikilizaji huicheza ameinamisha kichwa. Kama umewahi kuisikia, basi umemsikia Chiriku. Ni ile sauti ya kike inayopanda nyuma ya mwimbaji mwanamume na kumshika mkono anapotaka kuanguka. Lakini jina lake halijawahi kutajwa redioni hata mara moja. Kwenye mabango ya bendi hutajwa wanaume watano, na chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, huandikwa "na waitikiaji".

Waitikiaji wenyewe ni wawili, Chiriku na wifi yake, dada wa mumewe.

"Tuko pale chini pamoja na bei ya tiketi," anasema wifi huyo, mwanamke mpana wa mabega asiyekaa na neno moyoni. "Tena bei wameiandika kubwa kuliko sisi."

Watu wengi, anasema Chiriku, wanadhani kuitikia ni kupaza sauti nyuma ya mtu. "Kazi yenyewe ni kusikiliza. Anayeongoza akikosea, watu wanasema leo ana hisia kali. Mimi nikikosea, wimbo mzima unachechemea."

Yeye na wifi yake hawavuti pumzi kwa wakati mmoja hata siku moja. Mmoja akipumua, mwenzake anaishikilia sauti, halafu wanapokezana. Ishara yao ni kiwiko. Akimgusa mwenzake kwa kiwiko, maana yake nimeishiwa, shika wewe. Ukumbini hakuna anayeona. Kinachosikika ni sauti moja ndefu isiyokatika, na watu hujiuliza mwanamke gani huyo mwenye mapafu ya namna ile.

Uzuri wa rege, kama ujuavyo wewe unayeipenda, uko kwenye nafasi zake. Kila mpigaji humwachia mwenzake mahali pa kupita. Chiriku amewaachia wengine nafasi kwa muda mrefu mno, hata tabia imehamia mwilini. Wahenga walisema mazoea yana taabu, nao hawakuwa wanazungumzia sigara peke yake.

"Huyu mke wangu hajawahi kuanzisha ugomvi," anasema mumewe, fundi viatu, huku akicheka na misumari mdomoni. "Ukianzisha wewe atakujibu, tena kwa mpangilio mzuri. Lakini kuanza yeye? Labda nyumba iungue. Na hapo pia atasubiri kwanza niseme moto."

Hata mahojiano ya makala haya yalikuwa na kazi yake. Ukimuuliza, anajibu vizuri na kwa kina. Ukinyamaza, naye ananyamaza, anatabasamu, anakungoja.

Rege haimlishi. Bendi hulipwa ikipata pa kupiga, na mgawo huanzia mbele ya jukwaa kurudi nyuma, kwa hiyo ukifika kwa waitikiaji umebaki wa nauli. Kinachomlisha ni nguo za wagonjwa. Yeye na wifi yake ni madobi wa hospitali.

Chumba chao cha kufulia kiko chini kabisa ya jengo, hakina dirisha. Mashine mbili hunguruma, ya tatu imekufa na sasa hutumika kama meza ya chai. Mashuka yenye madoa mabaya hayaingii mashinani kabla ya kusuguliwa kwa mkono kwenye beseni refu la saruji. Mikono ya Chiriku imekunjamana mpaka viganjani, na kucha zake ni laini kama za mtoto mchanga.

Yakikauka, mashuka hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika pembe za huku, mwingine za kule, wanavuta, wanasogeleana, wanaachana. Ukiwatazama hawa wawili wakikunja utaelewa kwa nini wanaimba vile wanavyoimba. Hawasemi "haya" wala "vuta". Shuka linakunjika.

Hapo kwenye beseni ndipo wimbo ulipozaliwa.

Binti yake alikuwa na miezi saba alipolazwa kwenye wodi ya watoto, ghorofa ya tatu ya hospitali hiyohiyo. Homa ilikataa kushuka. Usiku mama alikaa naye, asubuhi ilimlazimu kushuka kufua, maana dobi asiyefika hukuta nafasi yake ina mtu. Mchana mlango wa wodi ulifungwa kwa wote wasio wauguzi. Akawa chini anasugua, mtoto yuko juu anapigania roho yake, na katikati ni ngazi tu.

"Nikataka kusali, nikaona mikono imejaa povu, hata kuifumbata siwezi," anasimulia. "Nikawaza, Mungu akinitafuta sasa hivi atanipata wapi? Kanisani sipo. Msikitini sipo. Wenzangu wa kwenye bendi wanamwita Jah, mama yangu alimwita Bwana, mimi siku ile sikuwa na jina la kumwita. Nikasikia kama ananiuliza yeye."

Swali alilolisikia lilikuwa fupi: Uko wapi, binti yangu? Naye akajibu kwa sauti, juu ya kelele za mashine: Nami nipo, nipo kwenye maji ya sabuni. Uko wapi, binti yangu? Nami nipo, mlango wa wodi umefungwa. Mikono imelowa, haifumbatiki, lakini nipo.

Wifi yake alikuwa upande wa pili wa beseni. "Nililia mpaka nikashindwa kujua machozi ni yapi na povu ni lipi," anasema, na kwa mara ya kwanza hana mzaha. Mtoto alipona. Wiki chache baadaye Chiriku aliupeleka wimbo kwa bendi.

Mwimbaji mkuu wa bendi wote humwita Jemedari. Ni mtu mzima mwenye rasta zilizofika kiunoni na sauti iliyowahi kunyamazisha uwanja. Aliusikiliza wimbo akiwa amefumba macho, akasema ni wimbo wa ajabu, akauchukua.

Ubaya hakukusudia. Ila alisema kwamba sabuni haifai katika sala, watu watacheka, akaweka "maji ya mto". Wodi nayo akaiondoa, akaweka lango. Halafu, kama kiongozi afanyavyo, akaanza yeye: yeye ndiye aliyeita, na wanawake wakaitikia nyuma yake, "nami nipo, nami nipo".

Chiriku alisema nini?

"Nilisema sawa. Alipoanza kuimba, nikaitikia."

Wimbo ukaenda mbali. Uliimbwa kwenye matamasha, kisha misibani, kisha kwenye mikutano ya hadhara, mpaka shule zikaanza kuwafundisha watoto. Kila aliyeupenda alimpa mkono Jemedari. Yeye hakuwahi kusema ni wake. Hakuwahi pia kusema si wake, na kwa muda mrefu hilo halikumsumbua mtu isipokuwa wifi, ambaye aligomba mpaka akachoka.

Mwaka huu Jemedari alifanyiwa upasuaji wa koo. Daktari amemkataza kuimba kabisa, na hata kuzungumza amepewa kwa kipimo. Albamu waliyokuwa wakiirekodi imebaki na pengo la wimbo mmoja, ule ule unaosubiriwa na kila mtu. Walipokwenda kumjulia hali, alimwita Chiriku karibu na mto wa kitanda, akamnong'oneza kitu ambacho daktari angemgombeza kwa kukisema: "Ni wako. Uimbe."

Mpiga ngoma hakuafiki. "Sina neno na dada yetu," ananiambia waziwazi. "Lakini sala inaongozwa. Watu wamezoea sauti ya mwanamume pale mbele. Sauti ya mwanamke ni pambo la wimbo."

Nikamuuliza ni pambo gani linalobeba nusu ya wimbo. Alicheka, akaanza kukaza ngozi ya ngoma yake ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

Ndivyo tulivyofika hapa. Jemedari amekaa kwenye kochi upande wa fundi mitambo, kitambaa kimezunguka shingo. Chiriku yuko peke yake nyuma ya kioo. Kwa mara ya nane au ya tisa anauacha mwanzo upite, na mpiga ngoma anatazama saa, kisha anautazama mlango wa kwenda nje kwenye benchi.

"Tunywe chai," anasema fundi mitambo.

Chiriku hanywi. Anakaa kwenye ngazi za nyuma ya studio, karibu na mapipa ya maji. Nilimuuliza kwa nini asimwachie tu yule bwana, kwa kuwa miaka yote hii amemwachia mwingine bila kinyongo. Nilidhani atatabasamu. Badala yake alianza kulia.

Binti yake, yule wa ghorofa ya tatu, sasa yuko darasa la tano. Muhula uliopita mwalimu alianza kuwafundisha wimbo huo kwa ajili ya sherehe ya kuwaaga wanafunzi wakubwa. Mtoto akanyoosha mkono. Alisema huu wimbo ni wa mama, na maneno mmeyakosea, si maji ya mto, ni maji ya sabuni. Alikua akiusikia nyumbani jinsi ulivyozaliwa.

Darasa liliangua kicheko. Jina likapatikana papo hapo: Sabuni. Mama yake dobi, naye anataka wimbo wa Jemedari uwe wa dobi. Kila akipita waliimba, Sabuni, Sabuni. Mtoto akashikilia msimamo wake. Alisema, mama akija mtamsikia wenyewe.

Mama akaja, siku ya wazazi. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alimsimamisha mlangoni mwa darasa akamuuliza kwa upole, watoto wote wakisikiliza: mama, hebu tusaidie, wimbo huu unasema maji ya mto au maji ya sabuni?

"Nikasema mto," anasema Chiriku.

Anajifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Sikufikiri. Miaka yote Jemedari akisema mto, sisi tunaitikia mto. Mwalimu alipotamka mto, mdomo wangu ukaitikia. Halafu akauliza, kwa hiyo si wa kwako? Nikasema ni wa bendi. Nikamwona mwanangu ananitazama."

Mwalimu alimwambia mtoto, kwa kumwonya tu, kwamba njia ya mwongo ni fupi. Tangu siku hiyo hawamwiti Sabuni tena. Wanamwita Njia Fupi.

"Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, ningembembeleza. Alichukua begi lake tukaenda nyumbani. Ila haimbi tena. Mtoto aliyekuwa anaimba hata akipiga mswaki." Anatazama mikono yake. "Nimemfanya mwanangu aitwe mwongo kwa kusema ukweli wangu. Leo nikishindwa, huyo bwana ataimba mto, itakuwa mto milele. Mwanangu atazeeka nao."

Basi msomaji, usifikiri mwanamke huyu anatafuta jina kwenye bango. Anatafuta neno moja lirudi mahali pake.

Chai inapokwisha, wifi anavunja sheria ya studio. Chiriku anaingia kwenye chumba cha magodoro, naye anaingia nyuma yake na kufunga mlango.

"Shemeji, toka humo," fundi mitambo anasema kwenye spika. "Hiyo maikrofoni itameza pumzi za wote wawili."

"Imeze tu. Sisi tumemeza mengi."

Nia yake, anaeleza baadaye, ilikuwa ndogo: kumpa kiwiko. Alidhani wifi yake anashindwa kwa kukosa wa kumgusa. Muziki unaanza, mahali pa kuanza panafika, kiwiko kinagusa kiwiko. Kimya. Besi inazunguka. Kiwiko kinagusa tena, kwa nguvu zaidi, karibu kumwangusha mtu.

Ndipo wifi anapochoka. Anageuka, mkono kiunoni, anamwita kwa ule ukali wa kuitana nyumbani mtu anapojificha wakati wa kuosha vyombo. Lakini kwa kuwa muziki unapita na damu yake ni ya kuimba, ukali unatoka ukiwa na sauti yake kamili: "Uko wapiii, binti yangu?"

"Nami nipo," anajibu Chiriku.

Haiishii hapo. "Nami nipo, nipo kwenye maji ya sabuni." Sauti iliyozoea kujificha inafunguka, nzito chini na nyembamba juu. Wifi anaita tena, sasa bila ukali, na Chiriku anajibu tena, mlango wa wodi umefungwa, mikono imelowa, haifumbatiki, mpaka mwisho, mistari ambayo bendi hii haijaipiga hata siku moja. Fundi mitambo ameinua mkono wa kutaka kukata muziki na amesahau kuushusha. Jemedari ameinama, viwiko magotini, uso ndani ya viganja.

Muziki unapokwisha, anayesema kwanza ni fundi mitambo. "Basi, wimbo umepatikana! Wifi aongoze, wewe itikia kama kawaida yako."

"Kama ni kuongozwa," mpiga ngoma anadakia, "yule ndugu yangu yupo nje."

"Hapana."

Wote tunageukia kioo. Hakuna aliyemuuliza kitu, na amesema.

"Hapana," Chiriku anarudia. "Nimelijua kosa liko wapi. Tangu jana mnaniambia nianze na 'uko wapi'. Nilikuwa najiita mwenyewe. Mtu anajiitaje? Kwenye wimbo huu anayeuliza ni Mungu. Mimi ndiye niliyeulizwa."

Wifi anajipiga paja. "Kumbe miaka yote Jemedari alikuwa anaimba sehemu ya Mungu! Na sisi tumemwachia tu!"

Kicheko kinachofuata kinamkumba hata Jemedari mwenyewe, ambaye anacheka bila sauti, ameshika koo, machozi yanamtoka. Nilimtazama sana. Si machozi yote yaliyokuwa ya kucheka.

Chiriku anangoja wamalize, halafu anapanga. Anapanga kama mtu anayegawa mashuka. Wifi atakwenda kule nyuma karibu na mlango, ataita kutoka mbali, maneno manne tu kila zamu, asiongeze pambo. Yeye atabaki palepale mbele ya maikrofoni. Gitaa lipunguzwe. Ngoma isiharakishe jibu.

"Lakini bado utakuwa unaitikia," mpiga ngoma anasema, safari hii kwa kuuliza kweli, bila ubishi.

"Ndiyo, naitikia. Nani alikwambia anayeita ndiye mwenye wimbo?"

Jemedari ananyanyuka kwenye kochi. Anakwenda mlangoni, anaufungua, anampungia mkono yule bwana wa kwenye benchi, kisha anakiweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa, namna ya kumwomba radhi mtu uliyemsumbua bure. Yule bwana anaelewa. Anaomba kitu kimoja tu, aruhusiwe kubaki asikilize.

Wanaurekodi mara mbili. Ya kwanza ni nzuri, lakini mwishoni wifi ameshindwa kujizuia akaweka pambo. ("Cheo kimenipanda kichwani," anajitetea.) Ya pili haina dosari, au kama inayo, hakuna aliyetaka kuitafuta. Ukiisikiliza kwa makini utasikia mahali fulani pumzi ya Chiriku ikiingia, kubwa na wazi, pumzi ya mtu asiye na mwenzake wa kumpokea. Fundi mitambo alitaka kuifuta. Chiriku akamkatalia. Alisema kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumsikia akipumua.

Jua liko utosini tunapotoka nje. Wifi anataka soda, anataka na mtu wa kumnunulia. Mpiga ngoma anaondoka bila kuaga, kisha anarudi kutoka barabarani, anampa Chiriku mkono, anasema, "Dada, sabuni imekaa vizuri," na anaondoka tena. Kwa mtu wa aina yake, hiyo ni hotuba.

Nilimuuliza Chiriku nini kinafuata. Alisema ana nyimbo nyingine, zote za beseni, nyingine hata wifi hajazisikia. Angependa albamu moja ya sala za wanawake wanaofanya kazi: madobi, wapishi, wafagiaji, wenye mikono isiyofumbatika. Wanaume wakaribishwe kuitikia, akipatikana mwenye subira. Jemedari, ambaye alikuwa amesimama nasi, alikuwa wa kwanza kuinua kidole.

Lakini yote hayo yatangoja. Leo ni Ijumaa, na kilicho mbele yake ni Jumatatu.

Binti yake hajui lolote kuhusu leo. Wifi alishauri wimbo urushwe kwenye simu ya mwalimu sasa hivi, watoto waupate kabla hawajatoka shule, waone haya. Simu alikuwa nayo mkononi tayari. Chiriku aliichukua, akaizima.

"Redio ataisikia baadaye na wenzake wote," alisema. "Lakini mimi sikumkana mwanangu kwenye redio. Nilimkana kwa mdomo wangu, mlangoni mwa darasa, akinitazama."

Jumatatu ataomba ruhusa kazini, na wifi atabaki na beseni peke yake. Atakwenda na mwanae shuleni, wameshikana mikono, mpaka kwenye mlango uleule.

"Sitasubiri mwalimu aniulize. Nitasema hodi, nitaingia, nitawaambia watoto wote: mwenzenu alisema kweli, mwongo nilikuwa mimi. Ni sabuni."